Jina la Saba

Muziki wa Wakongo na Warundi wa Toronto ulikuwa na wafalme wanne, marais wawili na jenerali mmoja. Spéciose alikuwa amewapigia besi wote, na hakuwahi kumwona hata mmoja aliyeweza kuziweka sawa nyuzi za gitaa bila kuiuliza simu yake. Siku za kazi aliwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Etobicoke. Jumamosi alipanda basi na gitaa lake mgongoni, akaenda kusimama nyuma ya mfalme wa wiki hiyo. Kati ya kazi hizo mbili, alikuwa akisema, ile ya kuogesha ndiyo safi.

Kila uzinduzi wa albamu ulikuwa pacha wa mwenzake. Kadi ilisema saa nane, watu wakafika saa kumi. Mshereheshaji alishukuru wageni wa heshima mpaka sambusa zikaganda mafuta. Kisha mfalme alipanda jukwaani na miwani ya jua, ndani ya ukumbi usio na dirisha. Fundi akabonyeza kitufe, wimbo ukatoka kwenye kompyuta umekamilika, sauti na ala na vigelegele, naye mfalme akafungua mdomo na kuufunga. Mara mbili Spéciose aliambiwa asichomeke waya, alishike tu gitaa apendeze. Mara zote mbili alilirudisha kwenye mfuko wake na kwenda zake.

Na juu ya hayo yote yalikuwako mabanga. Libanga ni jina la mtu linalorushwa katikati ya wimbo. Mwenye duka, mwenye baa, mtu aliyenunua gari jipya na hajamwonyesha mtu: kila mmoja wao hutoa chochote, na mwimbaji humtaja kwa sauti ya kulia, kama anayemwita mpenzi wake. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na watu wake na huku ikanenepa. Spéciose aliwahi kuhesabu wimbo mmoja wa mapenzi wenye majina thelathini na mawili. Jina la mpenzi halikuwemo.

Kwa hiyo Armel alipouomba wimbo aliotunga Spéciose, mwenyewe alikataa miezi minne.

Armel alikuwa mmoja wa wale marais wawili. Sauti alikuwa nayo kweli. Hilo Spéciose hakumnyima. Bendi yake ilifanya mazoezi chini ya kanisa moja la Mount Dennis, katika chumba chenye viti vya plastiki na harufu ya zulia lililolowa, na siku moja alikuwa amemsikia Spéciose akiuimba wimbo ule peke yake huku akisubiri wenzake.

"Tantine," alisema, yaani shangazi, "huu unauficha kwa nini?"

"Siufichi. Siuuzi."

Ulikuwa wimbo wa watu tisa. Katika kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, Spéciose alikuwa mwanakwaya, na kwaya ile ilikuwa na watu ishirini na watatu. Kipindupindu kilipoingia, kilichukua tisa kwa siku kumi na mbili. Walizikwa upande wa mashariki, na misalaba ya vijiti. Mwaka uliofuata mahema yalisogezwa, vijiti vikawa kuni, na hapakuwa na mtu aliyeandika popote nani alilala wapi. Spéciose hakuwa mtu wa machozi. Aliona tu kwamba kumbukumbu imepotea, akatengeneza nyingine. Ubeti wa kwanza ulisema wazi: hawa ndio tuliowafukia kwa mikono yetu. Kisha majina yalifuata moja moja, kwa mpangilio wa siku walizokufa. Mwimbaji alilitaja jina, waitikiaji wakalirudia mara tatu, mara ya tatu bila ala yoyote, kama kwaya ilivyofanya makaburini. Kisha mapigo manne ya besi peke yake, ndipo lije jina jingine.

Hatimaye alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele ya bendi nzima. "Majina tisa. Hakuna la kumi. Nikisikia libanga humo, nachomoa waya."

"Tantine, naapa," Armel alisema, na mkono akauweka kifuani. Alikuwa na mazoea ya kuapa hivyo hata alipoagiza soda.

Waitikiaji walikuwa wasichana wanne waliokulia Toronto. Mkubwa wao, Darlène, alikuwa na miaka kumi na tisa, anaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote. Spéciose aliwafundisha kwa wiki tisa. Aliwasahihisha pumzi, aliwasahihisha irabu, akawafanya warudie jina la Bonaventure mpaka likatoka kama alivyolitaka. Walikuwa wazuri. Alikiri moyoni kwamba walikuwa wazuri kuliko kwaya yenyewe.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi ya Juni, katika ukumbi ulio chini ya maghorofa ya Etobicoke. Kwa kuwa ulirushwa moja kwa moja kwenye mtandao, ulianza saa saba mchana, ili kule Uvira na Bujumbura iwe jioni, watu wawe nyumbani. Mstari wa mbele, katika kiti chenye kitambaa cheupe, alikaa Patrick, dalali wa nyumba. Picha yake ilikuwa kwenye mabango ya vituo vya basi, akiwa amekunja mikono. Ukumbi ulilipiwa na yeye, na mama yake huko Uvira alikuwa amealika majirani waje kumwona mwanawe akitukuzwa.

Nyimbo mbili za kwanza zilitoka kwenye kompyuta. Ya tatu ikawa ya Spéciose, na hiyo ilipigwa kwa mikono. Consolate. Nestor. Godelive. Évariste. Immaculée. Bonaventure. Mapigo manne yalipoanza baada ya jina la sita, Armel alimwona Patrick akiinua simu kujirekodi, na mkono wake ukaenda kifuani.

"Patrick," Armel aliimba, kwa ile sauti ya kulia. "Patrick wa Uvira, ee mama."

Na wasichana wanne, waliofundishwa vizuri, wakaitikia. Patrick. Patrick. Mara ya tatu bila ala.

Spéciose alichomoa waya. Spika ilikoroma mara moja, kisha ngoma ikaingia peke yake hatua chache na kusimama. Patrick alikuwa amesimama akipunga mkono kwa watu, meno yote nje. Hakuelewa kwa nini nusu ya ukumbi, ile ya wenye umri, imejishika midomo.

Uvira walielewa haraka zaidi. Ubeti wa kwanza ulikuwa umesema hawa tuliwafukia, jina likatajwa, likaitikiwa mara tatu, kisha muziki ukakatika. Mama yake Patrick alipiga yowe. Majirani walikuwa tayari wamekaa kwenye viti, kwa hiyo msiba haukuhitaji maandalizi. Simu ya Patrick ilianza kulia naye hakuipokea, kwa sababu alikuwa akipiga picha na wageni. Kwa muda wa saa moja na dakika ishirini, Patrick alikuwa marehemu.

Kesho yake, baada ya ibada, waliitana kule chini ya kanisa. Patrick alikuja na simu mkononi, mama yake kwenye kioo amefunga kitambaa kichwani, macho yamevimba.

"Mimi nimezikwa na wasichana wenye sare," Patrick alisema. "Mjomba amechinja mbuzi. Mimi nimefufuka, sawa. Mbuzi je?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Bosi, ni kosa dogo la mpangilio," Armel alisema. "Ile nafasi ilikuwa tupu. Mapigo manne, hakuna mtu anaimba. Watu wanapendaka jina lao. Nikasema, niiachie nani?"

"Haikuwa tupu," Spéciose alisema.

"Tantine, besi peke yake ni kama tupu."

Mama kwenye simu aliinua kidole. "Huyo mama ndiye mwenye wimbo? Mama, nikuulize. Hao wengine mliowataja, nao wazima?"

"Hapana, mama. Hao walikufa. Wote tisa."

"Walikufa kweli?"

"Niliwafukia mimi na wenzangu."

Mama akasema taratibu, "Basi huyu kijana alimwona wapi mwanangu katikati yao?"

Patrick alizima sauti. Aliitia simu mfukoni, mama yake akiwa bado anaongea humo. "Sikilizeni. Wimbo ni mtamu, watu wanautuma kila mahali. Nautaka. Lakini maiti watoke. Wekeni watu walio hai, watu wanaosaidia jumuiya. Mimi nianze. Majina tisa yapo, msijali, nitawatafutia."

Armel alikuwa tayari anaandika kwenye simu yake.

Spéciose aliwatazama mmoja mmoja. Katika kazi yake alikuwa amezoea kusafisha vitu ambavyo watu hawavitaji mezani, na hakuwahi kuona kinyaa. Sasa alikiona. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kuthibitisha: kati ya watu kumi na wanne waliokuwa mle chumbani, hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza wale tisa walikuwa nani. Aliyeuliza alikuwa mfukoni mwa Patrick, amezimwa sauti.

"Wimbo nimeuondoa," alisema. "Hauimbwi kwa majina ya walio hai, hauimbwi na bendi hii."

"Tantine, usikasirike. Wimbo ni wa bendi. Mazoezi tumefanya wote."

"Maneno ni yangu."

"Basi baki na maneno," Armel alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwachia mwenzake mfupa. "Sisi tutabaki na muziki."

Spéciose alichukua gitaa lake akatoka. Darlène alimfuata hadi kituo cha basi cha barabara ya Weston, akasimama kando yake chini ya bango la Patrick aliyekunja mikono. Basi moja lilipita. Kisha akauliza kwa Kiingereza kama ni kweli kwamba wale watu walikufa.

"Ulidhani nini?"

Msichana alijikuna mkono. Alisema walidhani ni wafadhili. Wote wanne walidhani hivyo. Wazee wenye majina ya zamani, waliotoa mchango. Kila wimbo wa Armel una orodha ya wafadhili, na hii ilikuwa orodha.

"Na ubeti wa kwanza? Nimeufundisha wiki tisa."

"Ule ni wa Armel," Darlène alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Sisi tunangojaka majina."

Spéciose aliingia kwenye basi bila kuaga. Njia nzima alipekua wiki tisa zile kichwani, zoezi kwa zoezi, akitafuta siku aliyowaambia wale wasichana Bonaventure alikuwa nani. Hakuipata. Aliwaambia irabu. Aliwaambia pumzi. Siku moja aliwaambia wasitafune ubani. Kinyaa alichokuwa akikielekeza kwa Armel na dalali wake kilikosa mlango wa kutokea, kikamrudia.

Wiki hiyo kipande cha video kilizunguka bara zima na mabara mengine. Wengine walikiweka kama mlio wa simu. Spéciose alikitazama mara kumi na moja, kwa sababu hakuamini kumbukumbu yake mwenyewe na alitaka kujua hasa: jina liliingia pigo la ngapi, wasichana walivuta pumzi wapi, yeye alichomoa waya lini. Jina liliingia pigo la pili. Alichomoa waya pigo moja na nusu baada ya mwitikio wa tatu, akiwa amechelewa.

Ijumaa Armel alitoa wimbo mpya. Mfanyakazi mwenzake Spéciose, Mrundi, alimsikilizisha katika chumba cha mapumziko, akitikisa mabega. Muziki ulikuwa ule ule, umeongezwa kasi. Patrick alikuwa wa kwanza, akifuatiwa na mwenye saluni, kinyozi, mchungaji na mke wa mchungaji. Besi ilipigwa na kompyuta. Yale mapigo manne yalijazwa vigelegele vya bandia.

"Mtamu, eeh?" mwenzake aliuliza.

"Mzuri wakati wa kufagia," Spéciose alisema, akarudi kwa wazee wake.

Jumatano iliyofuata, saa tisa alasiri, Darlène alibisha mlango wake. Alikuwa ameacha bendi, alisema, na mama yake hazungumzi naye. Alikuwa na daftari jipya na kalamu. Alitaka majina, na kila mmoja alikuwa nani.

Spéciose alimkalisha mezani. Hakumpa chai kwanza. "Andika. Usirekodi. Consolate, sauti ya kwanza. Alichelewa mazoezi kila siku na kila siku alileta sababu mpya. Nestor, mpiga ngoma, baba wa watoto watatu. Godelive, sauti ya pili, alikuwa na kigugumizi akiongea, akiimba hana."

Kalamu ilikwenda. Évariste. Immaculée, ambaye walimzika na sare kwa sababu hakuwa na nguo nyingine. Bonaventure, mwalimu wao, aliyejua nota.

"Wa saba," Spéciose alisema, "Patrick."

Kalamu iliandika herufi ya kwanza ikasimama. Darlène hakuinua kichwa.

Spéciose alijua jina lililokuwa mahali pale. Alikuwa amelishika miaka kumi na saba, alijua hata rangi ya beseni la mwenye jina hilo. Alilitafuta, na kila alipofika pale ile sauti ya kulia ya Armel ilikuwa imeshakaa, miguu juu ya meza. Aliinuka, akasimama kwenye sinki, akafungua bomba na kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Chana ukurasa," alisema akiwa amempa mgongo. "Tuanze tena kwa Consolate."