Wimbo wa Nne

Tiketi ya tamasha ilikuwa ya mdogo wangu, Jeong-im. Aliipigania mwenyewe kwa simu akiwa kitandani hospitalini, dakika ile ile mauzo yalipofunguliwa. Wiki mbili baadaye daktari akamkataza kutoka.

"Nenda wewe, Dada," aliniambia. "Wimbo wa nne ukianza, nipigie nisikie. Huo tu."

"Mimi na opera? Nitasinzia."

"Sinzia ukishanipigia."

Mimi huuza dagaa wakavu sokoni Mokpo, na redio yangu haijui ila trot, zile nyimbo zetu za zamani za Kikorea za kuyumbisha sauti. Ryu Han-gyeol, huyo kipenzi chake anayechanganya opera na nyimbo za mapenzi, nilimwona kama mtu aliyekazwa tai mno. Jeong-im naye alizoea kunicheka: "Trot yenu, kila mstari mnauvunja kiuno."

Jumamosi alasiri nikaketi ukumbini Gwangju kati ya wanawake mashabiki wenye skafu za zambarau. Jirani alinifunga moja shingoni bila kuniuliza. Wimbo wa tatu ulipokwisha nikatoa simu. Mhudumu akainama sikioni mwangu.

"Mama, izime tafadhali."

"Ni kwa ajili ya mgonjwa."

"Samahani sana, Mama. Nikiiona tena itabidi nikutoe."

Nikaizima. Basi wimbo wa nne nikausikiliza kwa niaba ya mdogo wangu. Nilishika mwimbaji anapovuta pumzi, anapopanda, na neno analolishikilia mpaka linakuwa jembamba kama uzi. Siwezi kusema niliupenda. Nilielewa tu kwa nini mtu mwenye maumivu angeutaka: haukumharakisha.

Wakati wa mapumziko nilipiga simu kutoka kwenye ngazi. Akapokea mumewe, Dong-su.

"Shemeji, tangu saa sita hasemi tena. Amefumba macho. Lakini nadhani anasikia."

"Mwekee sikioni."

Nikauimba ule wimbo wote, kama nilivyoushika, watu wakipita na kahawa zao. Nilijaribu kuinyoosha sauti, lakini koo langu halinyooki.

"Amesikia?"

"Amekunja uso, Shemeji."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ni ule uso wake wa kukukosoa."

Nilicheka, machozi yakinitoka. "Mwambie narudia, safari hii vizuri."

Nikaanza tena, polepole. Kwenye mstari wa tatu nikamsikia Dong-su akimwita mkewe kwa jina, mara mbili, kisha simu ikawekwa mahali bila kukatwa. Nikaendelea kuimba mpaka mwisho, maana hakuna aliyeniambia ninyamaze.