Ulimi wa Nyumba ya Isidora

Jirani yetu Angeru anasema kwamba siku tuliyomzika mume wangu Mikes, yeye alikuwa dirishani kwake, akaniona jikoni peke yangu na chupa ya maua yaliyopikwa kwa shira. Anasema nilikula kijiko baada ya kijiko, nimesimama, macho makavu kama mawe ya ukuta, mpaka chupa ikabaki tupu. Kisha nikakilamba kijiko, nikakiosha, nikakirudisha mahali pake. Anasema nilikuwa natabasamu. "Mume hajapoa kaburini, mwenzenu yuko kwenye sukari," ndivyo anavyomwambia kila anayekwenda kwake kununua mayai.

Kutabasamu sikutabasamu. Mengine ni kweli.

Asubuhi ile walinipa kahawa, nikaona ni maji ya moto tu. Wakanipa mkate, nikatafuna kitu laini. Nikadhani ni kilio kimenikaba, ingawa nilikuwa sijalia. Tuliporudi kutoka makaburini, watu wamejaa sebuleni, niliingia jikoni nikaifungua chupa ya mwaka uliopita, kwa sababu kama kuna kitu ulimi wangu unakijua, ni kile. Kijiko cha kwanza hakikuwa na kitu. Nikasema labda cha pili. Ndivyo chupa ilivyoisha.

Sikumwambia mtu. Mimi nilishuka Kambos kutoka vijiji vya juu, kule kaskazini ya kisiwa, bila shamba wala vyombo, na shule ya msingi tu kichwani. Nilicholeta kwenye nyumba ile ni ulimi. Mama mkwe wangu, Isidora, homa ya ujana ilimwachia uhai ikamchukulia ladha na harufu. Mikono yake inaijua shira kuliko mtu yeyote kati ya kuta zile za mashamba ya machungwa, lakini uchungu hausikii. Na ua la mdanzi, ule mchungwa mkali, ni chungu. Unalichemsha, unamwaga maji, unalichemsha tena, na kila mara lazima mtu atafune ua moja aseme. Ukiwahi kutia sukari, uchungu unafungiwa humo humo na hautoki tena. Ukichelewa, unakula karatasi. Mikes alikuwa na mzaha wake, alikuwa akiwaambia wageni, "Mama alikuwa anatafuta ulimi. Mke nimempata kwa bahati tu."

Alikufa Januari, kwa umeme wa pampu ya kisima. Alikwenda kuitazama kwa nini inakohoa. Mimi ndiye niliyemwita aje kula, na mimi ndiye niliyemkuta. Watu waliniuliza sana niliona nini. Nilikuwa nimeona viatu vyake vimeloa, basi.

Sasa ilikuwa Aprili, midanzi imechanua, na kaka yangu Nikitas alikuwa ameleta habari kwamba Jumapili anakuja na gari kunichukua. Kwetu mjane asiye na mtoto hafukuzwi. Ila asipoambiwa baki, anajua ni kwenda. Isidora alikuwa hajaniambia baki. Kule juu nilijua wananingojea na mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, mwenye mbuzi wengi na watoto wanaohitaji kufuliwa. Sikutaka kwenda. Nililijua hilo kwa akili, kama vile mtu ambaye mkono umemfa ganzi anavyojua kwamba moto unaunguza. Na nilijua pia kwamba kama kuna sababu moja ya mimi kubakizwa, iko mdomoni mwangu, nayo haifanyi kazi.

Nyumba yenye matanga haichemshi sukari mpaka mwaka ugeuke. Wengine wakifiwa huyaacha maua yakaozea chini. Isidora aliamka alfajiri akatandika mashuka chini ya miti. "Maua hayakufiwa," akasema. Tukatikisa matawi, yakadondoka meupe, mazito, nyuki wakiwa bado wamelala ndani ya mengine. Watu walisema shamba zima linanukia. Nilizoa, nikachambua vikonyo, nikapeleka beseni kwa Angeru, kwa kuwa jiko lake halikuwa na msiba.

Angeru alikuwa mezani na kazi yake mwenyewe. Yeye shira haiwezi. Anachokijua ni kupaka majani ya ua la waridi ute wa yai kwa unyoya wa kuku, kunyunyizia sukari ya unga, na kuyaanika juu ya wavu mpaka yakauke kama vioo.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Isidora, jiko langu unalijua. Moto unawaka unavyotaka wenyewe."

"Kama mdomo wako. Nimeuzoea."

"Mdomo wangu unasema yalichoona macho yangu, mama. Mwenye haya asile dirishani."

Isidora alitia maua sufuriani, akasimama juu yake mikono imekaa kiunoni. Nilimtazama nikijua analifahamu lile neno la chupa. Kijiji kizima kinalifahamu. Hajawahi kuniuliza.

Maji ya kwanza yalipomwagwa, akaninyooshea ua kwenye ncha ya mwiko. "Haya, mwanangu."

Nikatafuna. Ilikuwa kama uzi. Nikatazama maji kwenye sinki: yalikuwa na rangi ya majani mabichi, na nilikumbuka kwamba mwaka uliopita yalianza hivyo hivyo.

"Bado," nikasema.

Ya pili nikasema bado tena, akaitikia kwa kichwa, maana haijapata kuwa tayari kwa maji mawili. Kwa maji ya tatu sikuwa na cha kushika. Mwaka mwingine ni matatu, mwaka mwingine yanazidi, inategemea mvua. Nikatafuna pole pole, nikamgeukia Angeru.

"Onja na wewe, Bi Angeru. Jiko ni lako."

Akaweka unyoya chini, akatia ua mdomoni, akafumba jicho moja.

"Chungu kama mama mkwe," akasema.

Isidora alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Januari. Alicheka mpaka akashika ukingo wa jiko. Na mimi nilikuwa naukodolea macho uso wa Angeru, natafuta kama nyuma ya mzaha kuna kweli. Lakini uso ule umekunjwa kwa mizaha tangu ujana wake, huwezi kuusoma. Alikwisha kurudi kwenye waridi zake.

"Stamatia?" akasema Isidora, bado anafuta macho. "Uchungu umetoka?"

"Umetoka," nikasema.

Basi sukari ikaingia, ikafuata limau. Tuliengua povu. Isidora alidondosha shira kwenye kisahani akakiinamisha, na tone likakaa lilipo: imeiva. Alipoinua chupa ya kwanza kwenye mwanga, kila ua lilikuwa limesimama peke yake, halikuvunjika hata moja.

"Mwanangu angeila hii kwa mkate," akasema.

Angeru alinitazama. Alikuwa na kitambaa mkononi tayari, akanisukumia. Nilijua nilitakiwa kulia. Nilikikunja vizuri, pembe kwa pembe, nikamrudishia.

Jumamosi Isidora alipiga pasi magauni yangu meusi yote, akayapanga kwenye sanduku. Juu yake aliweka chupa moja ya maua iliyofungwa kwa taulo. "Ya mama yako," akasema. Nikasema ahsante. Nilisubiri kidogo mlangoni, kama kutakuwa na neno lingine. Aliitoa pasi kwenye umeme akaenda kulisha kuku.

Jumapili Nikitas aliwasili na pikapu ya kuazima, akaingia uani injini ikiwa inanguruma, kwa sababu alisema akiizima haitawaka. Ni mtu mkubwa, mwema, hana subira. Alimbusu Isidora mkono, akampa pole, akalichukua sanduku kwa mkono mmoja, na taulo likafunguka.

"Ala! Ni maua haya? Ya Mama Isidora mwenyewe?"

"Ya mama yako," Isidora akasema. "Usifungue, Nikitas. Hapa pana matanga."

"Kijidole tu, mama. Mungu anatazama kwingine." Alikwisha kufungua. Alichovya kidole, akatoa maua mawili matatu, akayatia yote mdomoni.

Nilimtazama. Kwanza nyusi zilipanda. Halafu akaacha kutafuna. Alitazama huku na huku kutafuta pa kutema kwa heshima, asipaone, akameza kwa nguvu.

"Mama," akasema, sauti imemkauka, "hii ni ya kula au ni ya kumtolea ng'ombe minyoo?"

Isidora aliichukua chupa mkononi mwake. Aliinusa, ingawa kunusa kwake na kutokunusa ni sawa. Kisha akanitazama mimi.

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Ikawaje?"

"Haikuwa kitu, Mama."

"Haikuwa chungu?"

"Haikuwa chungu wala tamu. Hakuna kitu. Mkate pia hivyo hivyo. Kila kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu Mikes."

Nilimwona anahesabu kichwani, anarudi nyuma mpaka siku ile ya maziko, mpaka jikoni. Dirisha la Angeru lilikuwa wazi, na kichwa chake kilikuwa ndani yake kama kawaida.

"Si niliwaambia!" Angeru akapaza sauti. "Chupa nzima! Niliwaambia alikula chupa nzima!"

"Ndiyo alikula," Isidora akamjibu bila kugeuka. "Alikuwa anatafuta. Funga dirisha, Angeru."

Dirisha halikufungwa, lakini kichwa kiliondoka.

"Ulimi wangu haukurudi," akaniambia. "Nisikudanganye. Wa kwako sijui."

Aliiweka chupa chini, karibu na gurudumu la gari. Zilikuwa zimebaki chupa nyingine nyingi kabatini, zote za maji yale yale, na mwaka huo hakukuwa na maua mengine. Nilisema nisamehe. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Dada, twende," Nikitas akasema kwa upole, akipanda kwenye usukani. "Petroli inakwisha."

Isidora alikuja akasimama kati yangu na mlango wa gari. Ni mfupi, ananifika begani. Alinishika viwiko vyote viwili, na nikaona vidole vyake vinakaza, vyekundu kwa maji ya moto ya juzi. Kuvisikia sikuvisikia sana.

"Mimi sijui kuomba," akasema. "Sijazoea. Sikutaki kwa ajili ya sufuria, umenielewa? Sufuria nimeshaipoteza. Baki, Stamatia. Baki na mimi hapa."

Injini ilikuwa inanguruma. Nikitas aliuachia usukani. Walinitazama wote wawili, na mimi niliutazama mdomo wa mama mkwe wangu, ambao ulikuwa bado wazi kidogo, unangoja.