Mvua ya Paka na Mbwa

Mwalimu Natalina, aliyejifunza Kiingereza ukimbizini Uganda, aliwafundisha wachuuzi wa mtaa wa Sherikat, nchini kwao, kwa vichekesho. Mchana mmoja wa Julai 2016 walikuwa darasani wakicheka kwamba Mwingereza akiona mvua kubwa husema inanyesha paka na mbwa. Ghafla bunduki zikalia ng'ambo ya daraja la mto. Wote wakalala sakafuni. Suzan, muuza samaki, aliendelea kucheka. Hofu ilimfanya ashindwe kunyamaza.

Mlango ukapigwa teke, akaingia askari anayetiririka jasho.

"Nyinyi nacheka nani?"

"Hatumcheki mtu, afande," Natalina alisema. "Tunasoma Kiingereza."

"Kiingereza gani ya kucheka? Sema."

Natalina akamweleza ile mvua, mtutu wa bunduki ukimwelekea kifuani. Kichekesho chenyewe hakikuwa na ladha tena.

Askari alimkazia macho. "Mbwa naanguka kutoka juu?"

"Wanasema hivyo tu, afande."

Akashusha bunduki taratibu. "Funga mlango. Mtu asicheke tena."

Alipoondoka, Suzan aliuma leso yake ili kicheko kisimtoke. Natalina alilala kando yake, amemshika mkono, wakisikiliza milio ikisogea karibu.