Namba Saba

Pale hospitali walimwita Mama Herufi, na jina likamkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akisoma vinasaba vya vijidudu, navyo huandikwa kwa herufi nne tu, zinazojirudia mamilioni kwa mamilioni bila nukta wala mkato. "Hadithi imefika wapi leo?" wauguzi walimtania wakipita mlangoni. Naye aliwajibu, "Shujaa bado hajafa."

Wiki ile hakuna aliyetania. Wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, ilikuwa imeingiliwa na maambukizi ya damu. Watoto watatu waliugua kwa kufuatana, na wa kwanza alikuwa ameshazikwa. Daktari wa maambukizi, mzee mpole asiyepandisha sauti, alizunguka wodi nzima akipangusa kwa vijiti vya pamba: mikono ya wauguzi, vitasa, mizani, masinki. Kila sampuli akaipa namba badala ya jina, ili anayepima asijue anampima nani, na karatasi ya majina akaitia mfukoni mwake. Mama Herufi alitakiwa aseme jambo moja tu: kijidudu cha namba ipi ndicho kilekile kilichowaingia watoto.

"Namba tatu na namba kumi na mbili ni kitu kimoja," yule daktari alimwambia akimkabidhi. "Nimekiotesha maabara mara mbili makusudi. Visipotoka pacha, ujue tumeharibu mahali."

Siku ya majibu mkurugenzi wa hospitali alishuka mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti cha Mama Herufi. Ndugu za marehemu walikuwa getini tangu alfajiri.

"Jibu lipo au halipo?"

"Lipo, bosi, ila nilitaka kupitia tena kidogo..."

"Watu wanataka kuambiwa kitu, mama. Saa hii."

Seva ilikuwa imemaliza uchambuzi. Faili moja lilikuwa na namba za sampuli, jingine majibu. Mama Herufi akaandika amri aliyoizoea, ile inayobandika safu mbili ubavu kwa ubavu kufumba na kufumbua, likatoka jedwali safi la kupendeza. Namba saba ilifanana na vijidudu vya watoto herufi kwa herufi. Akamtumia daktari majibu, na mkurugenzi akaondoka hata asante hakusema.

Hakuwa amekaa sana mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, muuguzi wa wodi ileile. Sare yake ilikuwa safi kama kawaida, lakini kofia alikuwa ameivua, anaikunjakunja mkononi.

"Wifi, wameniita juu," alisema. "Wanasema ni mimi. Mikono yangu."

Mama Herufi aliinuka kitini. "Nani kasema?"

"Majibu yamesema. Yametoka kwenu huku." Akamtazama machoni. "Ulikuwa unajua ni mimi?"

"Haki ya Mungu sikujua. Mimi napewa namba tu."

"Yule mtoto nilimwosha mwenyewe kabla hajapelekwa kwao. Sasa mama yake anaambiwa aliyemuua ni mimi." Hakulia. Alivaa kofia yake, akainyoosha kwa viganja, akatoka kwenda kupanda ngazi kama mtu anayejipeleka mwenyewe kituoni.

Mama Herufi aliirudia kompyuta. Akakosea nywila mara mbili. Akajiambia, tulia, ukitafuta kwa pupa utaona unachotaka kuona. Hapo ndipo alipokumbuka pacha.

Namba tatu. Namba kumi na mbili. Akazitazama kwenye jedwali. Hazikuwa pacha. Hazikuwa hata ndugu; zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi.

Alikuwa ameambiwa aziangalie, na hakuziangalia.

Akafungua yale mafaili mawili, kila moja peke yake, akayaweka bega kwa bega kwenye kioo. La namba lilikwenda kama mtu anavyohesabu: moja, mbili, tatu. La majibu lilikuwa limepangwa na kompyuta yenyewe, nayo, usipoiambia kwamba hizi ni tarakimu, huzipanga kama maneno ya kamusi: moja, kisha kumi, kumi na moja, mpaka kumi na nne, ndipo ifuate mbili. Kwake kila kinachoanza na moja hukaa mbele. Na amri yake ya kubandika haimuulizi mtu jina. Humkalisha yeyote kwenye kiti kilicho wazi. Namba moja tu ndiye aliyekuwa kwenye kiti chake. Waliobaki wote walikuwa wamekalia viti vya wenzao.

Jambo hili hufundishwa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Yeye mwenyewe amewahi kuwafundisha watu.

Akaacha kubandika. Akatumia amri inayooanisha kila jibu na namba yake kabla ya kuunganisha. Pacha wakatoka pacha. Namba saba ikaenda zake mbali, haina hata undugu na ugonjwa ule. Aliyebaki amesimama na watoto alikuwa namba mbili.

Akampigia daktari. Simu ilikuwa imezimwa. Akachomoa kompyuta yake ya mkononi, akapanda ngazi mbio huku viatu vikimvuka.

Akaingia chumba cha mkutano, walimokuwa mkurugenzi na daktari. Wifi yake alikuwa amekaa peke yake upande mmoja wa meza, mikono chini ya meza.

"Si namba saba," Mama Herufi alisema akihema. "Nimekosea mimi. Majibu yalipishana na namba zake."

Mkurugenzi alimwonyesha muuguzi kwa kidole. "Huyu si wifi yako?"

"Ndiye."

"Asubuhi ulikuwa na uhakika. Umesikia ni mtu wa nyumbani, uhakika umeyeyuka. Wewe ungeniamini?"

Alitaka kujibu kwa hasira, akaona hasira haitasaidia. "Nisingeamini," alisema. "Basi msiniamini mimi. Daktari, tatu na kumi na mbili umeziotesha wewe. Tazama nilichokutumia asubuhi. Halafu tazama hiki."

Mzee alivaa miwani. Akatazama cha kwanza, akatikisa kichwa. Akatazama cha pili, kidole chake kikifuata mstari polepole mpaka Mama Herufi akatamani kumshika mkono amharakishe.

"Anasema kweli," daktari alisema mwishowe. "Nami nilipaswa kuliona hili kabla sijaleta majibu hapa."

"Sasa nani?" mkurugenzi akauliza.

"Namba mbili. Namba mbili ni nani, daktari?" Mama Herufi akamgeukia mzee.

Daktari alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Uso ukambadilika. "Si mtu. Ni tundu la sinki. Lile la pembeni, karibu na dirisha."

Wifi alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Inkubeta ya pale ina mtoto! Nimemlaza mwenyewe asubuhi, tulikosa nafasi kwingine. Kila tukifungua bomba maji yanarukia kule!"

Hakusubiri ruhusa. Alitoka mbio, daktari nyuma yake, Mama Herufi nyuma ya daktari. Walipofika wodini, muuguzi mwingine alikuwa amesimama mbele ya sinki hilo, mkono uko kwenye bomba.

"Acha!" wifi alipiga kelele. "Usifungue!"

Mtoto alihamishwa. Sinki likafungwa kwa gundi na plastiki, baadaye likang'olewa kabisa. Wale watoto wawili waliokuwa wagonjwa walipona polepole, na yule wa dirishani hakuugua. Siku ileile mkurugenzi alikwenda getini kusema na wafiwa, na Mama Herufi akaomba aende naye. Alimwambia mama wa marehemu kwamba kosa la kumtaja muuguzi lilikuwa lake. Yule mama alimsikiliza akitazama chini, kisha akauliza kama mtoto wake angepona lau lile sinki lingejulikana mapema.

Jioni wifi alimkuta Mama Herufi akikusanya vitu vyake.

"Nikuulize kitu, na usinifiche," alisema. "Ile namba ingekuwa ya muuguzi mwingine, mtu usiyemjua, ungerudi kutazama?"

Mama Herufi alifungua mdomo kusema ndiyo. Akamfikiria yule mwingine asiyemjua, amekaa kwenye kile kiti na mikono chini ya meza, na yeye huku chini ameridhika na jedwali lake safi.

"Sijui, wifi," alisema. "Naogopa nisingerudi."

Wifi akachukua mkoba wa Mama Herufi mezani, akautia begani kwake.

"Twende," alisema. "Kaka yako kapiga simu tangu mchana. Utamweleza wewe. Mimi nimechoka."