Mgonjwa wa Presha Haambiwi

Sabra alipoambiwa mjini Mtwara kwamba mumewe, Muzamil, ana presha, na mishipa ya moyo imeanza kuziba, alilolishika ni moja tu: asipewe mshtuko. Muuguzi Magreth alisema mengi siku ile, masikini. Vidonge kila siku hata akijiona mzima, chumvi ipungue, na kila mwezi waje kupima. Sabra akaitikia, "Ndiyo, dada," lakini yale mengine yaliishia njiani.

Wakarudi kwao Mpapura, na nyumba ikageuka kituo cha ukaguzi. Mgeni hapiti mpaka ahojiwe uani. "Una habari gani? Kama ya msiba, niachie mimi. Baba Shamimu ana presha." Mwezi ukapita, Muzamil akanawiri, akawa anacheka. Vidonge vilipokwisha akasema kichwa hakimuumi tena, ya nini kuhangaika na safari za mjini? Sabra akakubali. Presha si mawazo? Na mawazo hana! Papa wa chumvi, kitoweo alichokipenda Muzamil, akaendelea kupikwa kwa nazi, maana kumnyima nako kungemtia mawazo. Jamani, mapenzi haya!

Mwaka ule wa 1998, korosho zilipoanza kudondoka, ikaja habari kutoka Msimbati: Mwanaamina, dada wa pekee wa Muzamil, amefariki kwa homa ya siku mbili. Sabra alilia jikoni, akasingizia moshi. Akawaapisha majirani mmoja mmoja. Kisha akajifunga khanga nyekundu, akaaga kwamba anakwenda Msimbati kumwona mzazi aliyejifungua juzi, nguo ya kilio kaificha kikapuni.

Aliporudi, Muzamil akauliza, "Dada hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mbona haji? Au kanichoka?"

"Shughuli tu, Baba Shamimu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; sijui wangesemaje kwa mficha msiba. Kila juma Muzamil aliuliza, na kila juma Sabra alizua salamu mpya. Alijichukia. Lakini akimwona mumewe anakula na kushiba, alijipa moyo: bora mwongo mwenye mume kuliko mkweli mjane.

Asubuhi moja Muzamil aliinama kuokota korosho, asiweze kuinuka. Kifua kilimbana, jasho likamtoka, akasema mkono wa kushoto umekuwa mzito. Lori la korosho ndilo lililowafikisha hospitali.

Magreth alipima, akapima tena. "Mama, dawa alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa sita. Lakini hakuwa na mawazo, dada! Wallahi nimemlinda. Hakuna neno baya lililomfika."

Magreth hakumkaripia. "Presha haingoji mawazo, mama. Inaharibu mishipa hata mtu akiwa anacheka." Akatoka mbio kumwita daktari.

"Mama Shamimu," Muzamil alinong'ona, "mwite dada Mwanaamina. Nataka nimwone."

Sabra alitaka kusema kweli. Lakini hata saa ile aliogopa kumshtua.

"Nimeshamtumia mtu. Yuko njiani."

Muzamil akageuza uso kuelekea mlangoni, amngoje. Daktari alipofika, macho ya Muzamil yalikuwa bado huko huko, na Sabra ndiye aliyeyafumba.