Sauti ya Baba Minako

Mama Minako aliingia kwenye duka langu la kutengeneza deki na redio, theluji mabegani, akaweka diski ya video mezani. Ilifungwa kwenye leso, kwa kuwa tangu mumewe afariki ilikaa kwenye madhabahu ya nyumbani, kando ya picha yake.

"Deki inaikataa," alisema. "Nimeifuta, nimeipuliza, nimeiomba. Wapi."

"Labda ni hayo maombi yaliyoiharibu," nilimtania. Hakucheka.

Jumapili ilikuwa siku ya arobaini na tisa, siku ya kumuaga marehemu, na alitaka ndugu wote wamsikie mumewe, Kenkichi. Picha zake zilikuwepo. Sauti haikuwepo popote ila, aliamini, kwenye diski hiyo. Siku zote Kenkichi, mkulima wa matufaha, ndiye aliyeshika kamera, na mshika kamera haonekani, husikika tu.

Niliigeuza diski kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo.

"Rekodi yake haikufungwa," nikamwambia. "Ukimaliza kurekodi, unaiamuru deki iifunge diski. Usipofanya hivyo, inasomeka kwenye deki iliyoirekodi au ya aina yake tu. Hiyo deki iko wapi?"

"Niliitoa siku ya takataka kubwa, gari la manispaa likaichukua. Nilitaka nyumba iwe safi wageni wakija."

Ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Majivu ya mtu hayajaingia kaburini, tumeshafagia kila alichogusa. Inaniudhi, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo mama yangu alipofariki.

Kwa bahati nilikuwa na deki ya aina ileile kwenye rafu. Nikaifuta diski kutoka katikati kwenda ukingoni, nikaitumbukiza. Ikasomeka. Nikaiamuru ifunge, tukanywa chai tukisubiri, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Kisha nikabonyeza.

Minako wa miaka saba akatokea mbele ya hekalu, kimono nyekundu, mkononi mfuko mrefu wa peremende. Alitazama kamera, akacheka, akamjibu mtu. Midomo ilicheza, lakini kilichosikika ni piano.

Mama Minako alisogeza kiti. "Sauti yake inaingia lini, Fukushi?"

Ule muziki niliuchagua mimi. Mwaka Minako alipoolewa Tokyo, Kenkichi alileta deki yake hapa tukahariri pamoja video ya kuonyesha harusini. Aliona aibu, eti wakwe wangemcheka kwa lafudhi yetu ya Tsugaru. Ningepaswa kumwambia aiache sauti yake ilivyo. Badala yake nilimwambia, "Ukiongea wewe, hata kunguru huomba mkalimani," nikafuta sauti yote. Nilidhani diski hii ni nyingine. Na kanda ya awali, tuliyoinakili kwenye diski, ililiwa na ukungu zamani.

"Sauti haipo, Mama Minako. Niliifuta mimi."

Alisukuma kikombe chake kando. Nilitamani anitukane.

"Basi wewe uliisikia," alisema. "Alikuwa anasema nini?"

Niliisikia mara nyingi sana, mbele na nyuma, nikitafuta pa kukata. "Alisema, 'Usinitazame mimi, Minako. Mtazame mama yako anakuja. Leo mzuri ni yeye.'"

Kwenye skrini mtoto aligeuza kichwa.

"Nilikuwa nimekwenda kununua hirizi ya baraka pale hekaluni," alisema Mama Minako. "Miaka arobaini na moja ya ndoa, hakuwahi kuniambia hivyo." Akafumba macho. "Sema tena. Kama yeye."

Nikajaribu, kwa lafudhi yetu, kwa ule mkwaruzo wake wa sigara.

"Siyo hivyo," alisema. "Sema tena."