Mwizi wa Maji ya Samaki

Mzee Mizani alihamia kwa mwanawe na sanduku moja la nguo na tangi la kioo lenye samaki tisa wa njano. Sanduku lilishushwa na yeyote aliyekuwa karibu. Tangi alilishusha mwenyewe, kinyumenyume, huku akimkaripia kila aliyethubutu kupumua. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Yeye alistaafu, ukali wake haukustaafu.

Mke wa mwanawe alikuwa dobi, akifanyia kazi hapo hapo nyumbani, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alimpenda baba mkwe wake na kumwogopa kwa kiwango kile kile. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa nyumbani siku mbili kwa wiki, na zote mbili alizimalizia usingizini. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilikuwa ya wawili hao: Mama Pasi na pasi yake ya mvuke upande mmoja wa sebule, mzee na samaki wake upande wa pili.

Wiki ya kwanza samaki wawili walikufa. Mzee akasema ni dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, akamwita fundi, na fundi akafunga mashine ya kuchuja maji kwenye ukuta wa jikoni. Ilikuwa na mipira miwili. Mweupe ulitoa maji safi kidogo kidogo hadi ndoo ijae. Mwekundu ulitoa yale yaliyokataliwa, ukayamwaga kwenye karo. Mzee alikaa na jagi akapima. Kwa kila ndoo moja safi, ndoo tatu zilipotea.

"Ndoo tatu!" alilalamika mezani. "Ningemkuta muuza mafuta anamwaga hivi, ningemfungia duka siku hiyo hiyo."

Lakini samaki kwanza. Akaandika kwenye ndoo kwa wino mzito: YA SAMAKI. ISIGUSWE. Samaki wakapewa usafi huo, na wakazidi kupauka. Mzee akasema ni uchovu wa safari.

Shida ni kwamba Mama Pasi naye alikuwa na ugomvi wake na maji ya bomba. Yalikuwa na chokaa. Sabuni haikutoa povu la maana, na ndani ya pasi kulijaa ukoko mweupe kama wa birika kuukuu. Siku moja pasi ikatema matone ya chokaa mgongoni mwa suti nyeusi ya mwanasheria. Aliisugua hadi vidole vikamuuma. Kisha akaitazama ndoo. Mzee alikuwa anasinzia kwenye kiti. Akachota kikombe kimoja.

Jamani, pasi ilivyoteleza! Kesho yake akachota viwili, halafu jagi. Na kwa kuwa ndoo ingepungua hata kwa kidole mkaguzi angeuliza, alijazia pengo kwa maji ya mpira mwekundu, ambayo kwa macho hayakuwa na tofauti yoyote. Haikupita wiki mbili, ndoo ile ya ISIGUSWE ilikuwa ya mpira mwekundu tupu, na wateja wakaanza kuulizana dobi wao amenunua pasi gani.

Alijisikia vibaya? Sana. Kila mzee alipobeba ndoo kwenda kwenye tangi, alisubiri kuona samaki wakielea tumbo juu. Badala yake samaki wakaanza kung'aa. Wakala. Wakafukuzana. Kisha mmoja akakataa chakula, kidevu kimemvimba, na mzee akaita nyumba nzima, yaani Mama Pasi.

"Ana mayai mdomoni! Hawa huatamia humo humo, na watoto hawatoki mpaka wapate nguvu." Macho yalimlowa mzee wa watu. "Umeona kazi ya maji safi, mwanangu?"

"Nimeona, Baba," akajibu Mama Pasi, akatamani sakafu ipasuke immeze.

Hapo ndipo furaha ilipomvuruga mzee akili. Kama maji yaliyochujwa mara moja yamefanya haya, yakichujwa mara mbili je? Akaagiza mashine ya pili, na safari hii mpira mweupe ungeingia moja kwa moja kwenye tangi, bila ndoo. Mama Pasi hakuwa msomi wa samaki, lakini macho alikuwa nayo: maji safi yaliwapausha, yale ya wizi yakawarudishia rangi. Mashine ile ikifungwa, wale watoto watakufa. Na ili kuizuia, ilimbidi amwambie mkaguzi wa vipimo kwamba amekuwa akimpunja chini ya pua yake. Alijaribu mara tatu. Mara zote tatu aliishia kumuuliza kama anataka chai.

Alhamisi fundi akaja na mashine begani, na kipimo kidogo mfano wa kalamu, cha kupima yaliyoyeyuka majini, ambacho mzee alikuwa amekiagiza. Mzee na kipimo kipya! Hakungoja hata fundi atue mzigo. Akakichovya kwenye ndoo.

"Fundi, hapa inatakiwa isome ngapi?"

"Isizidi ishirini, mzee."

"Mbona inasoma mia sita?"

Fundi akachovya mwenyewe. Mia sita na kumi. "Mashine yangu ni nzima, mzee. Naapa."

"Wote huapa," mzee akasema. "Umeniuzia mashine ya uongo, na mtaa mzima utajua."

Fundi alikuwa mtu mpole, asiye na mtaji mwingine ila jina lake. Mama Pasi alimwona akikifuta kipimo na kukichovya tena, na tena. Akapiga moyo konde, akaiweka pasi pembeni.

"Baba, mashine haina kosa. Mwizi ni mimi."

Akaeleza yote bila kupumua, macho sakafuni: suti, kikombe, jagi, mpira mwekundu.

"Ulianza tarehe ngapi?" mzee akauliza.

"Tisa, Baba. Mwezi juzi."

Mzee akafungua daftari ambamo kila jioni aliandika samaki gani amekula na gani amenuna. Tarehe nane: wote wamejibana pembeni, hawali. Tarehe kumi na sita: wawili wamekula. Tarehe ishirini na tano: wote wanakula, rangi imerudi. Alisoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari.

"Fundi, hawa wanataka maji gani?"

Fundi akasogelea tangi, akawatazama vizuri kwa mara ya kwanza, akashika kichwa. "Mzee wangu, hawa ni samaki wa ziwa la mawe. Chokaa ndiyo uhai wao. Uliniambia unataka maji safi, nami sikuuliza ni ya samaki gani. Haya ya mpira mwekundu yamepita kwenye chujio la mkaa: dawa imetoka, chokaa imebaki. Ndiyo hasa wanayoyataka."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nawaua, mwizi akawaponya."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Mzee akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Fundi naye akacheka, kwa kuwa amenusurika. Mama Pasi alikuwa analia, na mzee alipoona hilo akanyamaza.

"Maji si kitu," akasema taratibu. "Kinachoniuma ni kimoja. Unanipikia, unanifulia, halafu unaogopa kuniomba kikombe cha maji. Nimekuwa mtu wa namna gani humu ndani?"

Mama Pasi akafuta machozi kwa shati la mteja. "Mkali, Baba."

"Kiasi gani?"

"Kupita kipimo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa mizani na kuona haina hila. Mashine ya pili ikarudi ilikotoka. Kabla ya kuondoka, fundi alibadilisha mipira: mwekundu kwenye pipa la samaki, mweupe kwenye dumu la dobi, na yaliyozidi yakawa ya kudeki na ya choo. Karo likakauka.

Siku ya nane, asubuhi, mama samaki akafungua mdomo na watoto wakamwagika nje, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Mzee akawahesabu kwa sauti.

"Kumi na tisa," akatangaza, akachukua kalamu aandike.

Mama Pasi alikuwa amepiga magoti kando yake, pua kwenye kioo. "Ishirini, Baba. Kuna mmoja nyuma ya jiwe. Umepunja."

Miaka yote ile ya ukaguzi hakuna aliyewahi kumwambia mzee neno hilo.

"Wapi?" akauliza. Akaweka kalamu chini, akasogea karibu naye, akaanza upya: "Mmoja, wawili, watatu..."